Kidude cha kupima USB: chaja moja, waya tatu, kila mmoja unasema lake

SimuHaijai:
Wakuu, heshima mbele. Nimepata kile kidude cha kupima USB, kinachokaa katikati ya chaja na simu. Kinaonyesha volti, ampea na wati, halafu kinajumlisha mAh (miliampea-saa, yaani umeme uliopita kwa jumla). Kina matundu ya A na C, kwa hiyo naweza kukichomeka upande wa chaja au upande wa simu. Nilitaka kujua kwa nini simu inachelewa kujaa. Nimepata namba, maana yake sijaipata.

Chaja ni moja, imeandikwa 5V 2.4A. Simu nilianza nayo chaji ikiwa chini kabisa.

Waya mrefu, mita 2, mwembamba (ndio kipenzi changu, unafika hadi kitandani): upande wa chaja 5.05V, upande wa simu 4.41V, ampea 0.60.
Waya mfupi, mita 1, mnene: upande wa chaja 5.08V, upande wa simu 4.86V, ampea 1.50.
Waya uliokuja na feni ndogo ya mezani: upande wa simu 4.95V, lakini ampea 0.48 tu.

Tundu la kompyuta nalo linatoa 0.46 hata nikitumia ule waya mfupi. Je, chaja imechoka, waya ni mbovu, au kidude kinanidanganya?

NyukiMkimya:
Tupa waya zote, nunua mpya. Mimi sina muda wa hesabu.

FundiRisasi:
Nyuki, akitupa zote atatupa na ule mzima.

SimuHaijai, umepima vizuri kuliko wengi wanaoniletea simu. Wengi huangalia ampea peke yake, wakiona 0.6 wanailaumu chaja. Chaja yako haina shida: waya mfupi umevuta 1.5A na volti bado iko 5.08. Chaja iliyochoka ungeona volti inaporomoka palepale kwenye mdomo wake, kabla hata ya kuingia kwenye waya.

Sasa waya mrefu. Toa 4.41 kwenye 5.05, unabaki na 0.64V zilizopotea njiani. Gawa kwa 0.60A: ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, ni kama ohmu 1.07. Fanya hivyohivyo kwa ule mfupi: 0.22 gawa kwa 1.50, kama ohmu 0.15. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye karatasi na kuigandisha kwenye waya, kwa sababu ampea zinabadilika kila dakika ila ukinzani wa waya ni uleule. Shaba ya geji 28 (geji ni kipimo cha unene), ambayo imejaa kwenye waya nyembamba, ina kama ohmu 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 2 ni mita 4 za shaba, tayari 0.85. Ongeza vichwa vilivyolegea na hicho kidude chenyewe (nacho kina ukinzani wake, usikisahau), unafika kwenye 1.07 bila waya kuwa na ubovu wowote. Ni mwembamba tu.

Na hapa watu wengi hawapaangalii: hiyo 4.41 haikuja kwa bahati. Simu nyingi zina chipu inayochunga volti inayoingia. Ikiona inashuka karibu na 4.4 au 4.5, inapunguza yenyewe ampea inazovuta ili isizidi kushuka. Kwa hiyo 0.60 si uwezo wa chaja wala kiu ya simu. Ni mahali simu ilipokanyaga breki. Hata ukiweka chaja ya 5V yenye ampea mara mbili, kwa waya huo utasoma karibu namba ileile.

Waya wa feni ni ugonjwa mwingine kabisa. Volti haijashuka, 4.95 ni safi, lakini simu inavuta kidogo. Huo nadhani una nyuzi mbili tu, za umeme, hauna zile za data. Simu huzitazama nyuzi za data, D+ na D-, ili kujua imechomekwa kwenye nini. Isipopata kitu inajihesabu iko kwenye tundu la kawaida na kujifunga kwenye nusu ampea hivi. Kama kidude chako kina ukurasa wa D+ na D-, kiweke upande wa simu: kwa waya mfupi zote mbili zikisoma karibu 2.7V, hiyo ni alama ya chaja za 2.4A. Kwa waya wa feni zitasoma sifuri au zitayumbayumba.

Tundu la kompyuta halina kosa. USB 2.0 iliwekewa kikomo cha miliampea 500, USB 3.0 miliampea 900.

BiHesabu:
Shikamoo fundi. Naomba nidandie hapohapo. Pawabenki yangu imeandikwa 10000 mAh, kidude kimehesabu 6400 hadi ikazima. Nimeibiwa?

FundiRisasi:
Marahaba. Hujaibiwa. Hiyo 10000 ni ya betri ya ndani, yenye volti 3.7. Zidisha, unapata Wh 37 (wati-saa, kipimo cha nishati). Ikipandishwa hadi volti 5, 37 gawa kwa 5 ni 7400 mAh, hata kama hakuna kinachopotea. Saketi ya kupandisha inakula asilimia 10 hadi 15 kama joto, ndipo unaangukia 6300 hadi 6700 hivi. Pima kwa Wh, achana na mAh.

SimuHaijai:
Nimeangalia. Waya mfupi 2.7 na 2.7, waya wa feni sifuri kotekote. Swali la mwisho: jana usiku ule waya mfupi ulisoma 0.35A na chaja ileile. Umeanza kufa?

FundiRisasi:
Simu ilikuwa asilimia ngapi? Ikikaribia kujaa inapunguza ampea yenyewe, ikichemka pia inapunguza. Ndiyo maana mimi sipimi waya kwa simu. Natumia rezista (kipande chenye ukinzani usiobadilika) ya ohmu 5 inayostahimili wati 10: kwa volti 5 inavuta karibu 1A bila kubadili mawazo. Inachoma kweli, iweke juu ya kigae, usiishike.

Mzee wa Soketi:
Niongeze moja kabla hamjaanza kuziamini chaja kwa namba. Hicho kidude kinaona upande wa volti 5 tu. Hakijui kama ndani ya chaja umeme wa ukutani umetenganishwa ipasavyo na ule unaokuja kwenye simu. Chaja nyepesi kama karatasi inaweza kusoma 5.1V iliyonyooka na bado ikakutia shoti. Ukigusa bodi ya chuma ya simu inapochaji ukasikia inakutekenya sana, chomoa.

Na kwa waya za A kwenda C, ndani ya kichwa cha C panatakiwa rezista ya kiloohmu 56. Mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kupima waya hizo na kukuta nyingine zimewekewa kiloohmu 10, ambayo inaiambia simu ivute hadi 3A hata kwenye tundu lisiloziweza. Mwaka uliofuata waya uliounganishwa kinyume ukamuulia kompyuta yake. Kidude cha kawaida hakikuonyeshi hilo.

SimuHaijai:
Asanteni wakuu. Waya wa feni nimeurudisha kwenye feni. Rezista naitafuta.