Kwa nini kijengwe kinu kipya cha utafiti cha nyutroni za kasi?

Swali
Ndugu zangu, ujenzi wa kinu cha nyuklia cha utafiti kiitwacho MBIR, chenye nguvu ya megawati 150 za joto, ulianza mwaka 2015 huko Dimitrovgrad, Urusi. Vinu vya utafiti vinavyotumia maji ni vingi duniani. Ni kazi gani inayovishinda, hata ikalazimu kujenga kinu kinachopozwa kwa metali ya sodiamu iliyoyeyuka?

Jibu la kwanza
Ndugu, kazi yenyewe ni kuzeesha metali upesi. Nyutroni ya kasi, yaani chembe ndogo inayoruka kwa kasi kutoka kiini cha atomu kinachopasuka, inapogonga chuma huzing'oa atomu mahali pake, na mapigo hayo yakirudiwa muda mrefu chuma huvimba na kuwa chepesi kuvunjika. Mhandisi anayebuni kinu cha kudumu miaka 60 hawezi kungoja miaka yote hiyo ndipo ajue kama vyuma vyake vinastahimili, kwa hiyo huviweka mahali penye nyutroni za kasi nyingi mno ili vichakae mapema. Maji hayafai hapo, kwa kuwa kiini cha haidrojeni kina uzito unaokaribia sana ule wa nyutroni na hivyo huinyang'anya mwendo wake. Kiini cha sodiamu, kizito mara 23 hivi, huiacha na sehemu kubwa ya kasi yake. BOR-60, kinu jirani kilichoanza mwaka 1969, ndicho kilichobeba kazi hii, na MBIR kinakusudiwa kukirithi.

Jibu la pili
Naafiki, ila ugumu wa sodiamu usipuuzwe. Huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi na kuchemka kwenye 883, hivyo haihitaji shinikizo kubwa, na hiyo ni neema kwa usalama. Hata hivyo huwaka ikikutana na hewa na hulipuka ikikutana na maji, tena fundi hawezi kuona chochote kilichozama ndani yake. Katika kinu cha Monju, Japani, mwaka 1995, ala ya kipimajoto ilivunjika, sodiamu ikavuja na kuwaka. Kinu hicho hakikuwashwa tena hadi 2010.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, Marekani wanacho cha namna hii?

Jibu la pili
Walikuwa na FFTF, cha megawati 400, kilichoacha kufanya kazi mwaka 1992. Mradi wa kinu kipya cha majaribio, VTR, uliokusudiwa kuziba pengo hilo ulinyimwa fedha na Bunge katika bajeti ya 2022, uamuzi ambao kwangu ni hasara kubwa, maana kampuni zinazobuni vinu vipya bado zinahitaji mahali pa kujaribia vyuma vyao.