Namba ya meli kwanza, jina la babu baadaye: kumtafuta baharia wa meli za biashara wakati wa vita

Mjukuu wa Kilindini (Mombasa):

Assalamu alaykum, wanajukwaa. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa meli za biashara za Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alifariki Kisauni mwaka 1983 nikiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Nyanya alikuwa akitusimulia kwamba babu alikuwemo ndani ya Tilawa, ile meli ya BI (kampuni ya meli ya British India) iliyotoka Bombay kuja Mombasa ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani mwezi Novemba 1942, na kwamba alielea siku mbili akiwa ameng'ang'ania mlango wa mbao kabla ya kuokolewa. Babu mwenyewe hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza habari za vita alikutuma dukani, na ukirudi maneno yalikuwa yameshabadilika.

Tulichorithi ni vitu viwili. Cha kwanza ni medali ya rangi ya shaba yenye umbo la nyota ya pembe sita, ambayo ina taji na miaka ya 1939 na 1945 katikati, lakini haina jina la mtu popote, mbele wala nyuma. Cha pili ni kitabu chake cha ubaharia, ambacho mchwa wamekila jalada lote na sehemu kubwa ya kila ukurasa. Mstari mmoja tu ndio unaosomeka: namba ya tarakimu sita, neno Bombay, mwezi Desemba 1942 (siku imeliwa), kazi ya mtia makaa, na mihuri miwili midogo inayosema kwamba ujuzi wake na mwenendo wake vilikuwa vizuri sana.

Mwaka jana niliilipa kampuni moja ya mtandaoni inayotangaza kwamba hutafuta kumbukumbu za mababu. Baada ya miezi mitatu ikaniletea majina kumi na moja yanayofanana na la babu, yote ya watu waliozaliwa Aden. Naomba kuuliza: nianzie wapi, na je, kuna daftari linaloonyesha mabaharia waliokuwemo ndani ya Tilawa siku ilipozama?

Mzee wa Batli (Cardiff):

Wa alaykum salaam, mwanangu. Liweke jina la babu pembeni kwanza. Kampuni hiyo ilikupotezea fedha zako kwa sababu ilianza na jina, na kumbukumbu unazozihitaji hazikupangwa kwa majina ya watu. Kila meli ya Uingereza ilipoanza safari, nahodha na mabaharia walitia saini mkataba, na safari ilipokwisha mkataba huo pamoja na orodha ya mabaharia ulipelekwa kwa msajili wa serikali na kuhifadhiwa kwa namba rasmi ya meli. Meli ilipewa namba hiyo iliposajiliwa, na iliendelea nayo hata ilipouzwa na kubadilishwa jina. Orodha za mwaka 1939 hadi 1950 ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, pale Kew, London, katika mfululizo wa BT 381 (BT ni herufi za Board of Trade, wizara ya biashara ya Uingereza). Sehemu kubwa ya orodha za kabla ya 1939 na za kuanzia 1951 ilipelekwa Chuo Kikuu cha Memorial kule Newfoundland, Kanada, na watu wengi hupoteza miezi wakikiandikia chuo hicho kuhusu miaka ya vita ambayo hakina.

Kwa hiyo itazame upya ile namba ya tarakimu sita. Katika vitabu vya ubaharia safu ya jina la meli huwa na namba rasmi na uzito wa meli chini ya jina. Ikiwa namba yako imo katika safu hiyo, si ya babu, ni ya meli, na mchwa wamekuachia kitu bora kuliko jina. Sajili za meli za Lloyd's za miaka ile, yaani vitabu vya kila mwaka vinavyoorodhesha meli, zimepigwa picha na zinasomwa bure mtandaoni. Humo utaijua meli yenyewe. Ukishalipata jina, tafuta kadi yake katika BT 389. Hizi ni kadi za mienendo ya meli wakati wa vita, zinazoonyesha bandari na tarehe za kuingia na kutoka, na ikiwa meli ilizama, ilizama vipi. Kadi hizo unaweza kuzipata kwa kompyuta. Mikataba ya BT 381 haijawekwa mtandaoni. Ni lazima mtu aende Kew kuifungua, au ulipie nakala.

Ukiupata ukurasa wenyewe, utaona kila baharia na umri wake, mahali alipozaliwa, kazi yake, siku na bandari aliyopandia, siku aliyoachishwa, na meli aliyofanyia kazi kabla ya hiyo. Safu hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwani kwayo unaweza kurudi nyuma meli hadi meli kama mtu anayefuata kamba gizani. Wasiojua kuandika waliweka msalaba au dole gumba.

Jambo moja nikuonye mapema. Meli za BI ziliajiri mabaharia wengi kutoka Bombay na Calcutta, nao walikuwa na mikataba yao maalumu, tofauti na ile ya maofisa wa Kizungu. Usishangae ukifungua jalada la meli ukakuta nahodha, mainjinia na mhudumu wa redio tu. Ndiyo maana ni muhimu kujua kitabu cha babu kilitolewa wapi. Vitabu vingi vilivyotolewa Uingereza zama zile vina herufi R mbele ya namba ya baharia. Chake kama kilitolewa Bombay, basi jina lake litafutwe pia katika BT 382, katika madaftari ya mabaharia wa Asia, ambayo yametengwa na ya Wazungu.

Kuhusu medali, nyota za Uingereza za vita vile hazikuandikwa majina, kwa hiyo msidhani mmepewa ya mtu mwingine. Baharia wa meli za biashara aliipata hiyo ya 1939 hadi 1945 kwa kutumika miezi sita baharini na angalau safari moja katika eneo la vita. Haikumfuata mtu nyumbani, ilibidi aiombe. Madai hayo yako katika BT 395, na hapo ndipo jina la babu litakapokufaa.

Bint Malindi (Unguja):

Naomba niongeze kuhusu hilo jina, kaka, kwa sababu mimi nilimtafuta ami wa baba yangu kwa muda mrefu kabla sijaelewa jinsi makarani walivyotuandika. Karani wa Kiingereza alitaka jina la ukoo, na sisi hatuna mpangilio huo. Mtu akisema anaitwa Salim bin Mbarak, karani mmoja ataandika Mbarak kama ukoo, wa pili ataandika Salim, na wa tatu atadhani ukoo wake ni Bin na kumweka kwenye herufi B pamoja na mabin wenzake wote wa bahari ya Hindi. Salim huyo huyo utamkuta kama Selim, Saleem au Sulim kulingana na sikio la aliyeandika. Andika namna zote unazoweza kuzifikiria kwenye karatasi moja kabla hujaanza, na kila ukiitafuta moja ikate.

Mahali pa kuzaliwa napo pana mtego. Mombasa wakati ule ilikuwa katika ule ukanda wa maili kumi ambao kwa mkataba ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar ingawa ulitawaliwa kutoka Nairobi, hivyo mzaliwa wa Mombasa anaweza kuandikwa Kenya katika meli moja na Zanzibar katika meli nyingine. Ami wa baba, ambaye hakuwahi kuvuka Pemba upande wa kaskazini hadi alipoajiriwa, ameandikwa mara moja kuwa ni Mwarabu wa Muscat. Nilimtambua kwa umri na kwa meli ya awali tu.

Mjukuu wa Kilindini:

Nimerudi baada ya wiki tatu, na nawashukuru nyote. Namba ile kweli imo katika safu ya meli, na nimeipata katika sajili ya Lloyd's. Ni meli ya BI, lakini si Tilawa. Kadi yake ya BT 389 inaonyesha kwamba iliingia Bombay tarehe 25 Novemba 1942 na kutoka tarehe 9 Desemba. Nilipomweleza mama, alinuna. Anasema nimemfanya nyanya kuwa mwongo kwa sababu ya kipande cha karatasi cha Wazungu.

Mzee wa Batli:

Mwambie mama asinune bado. Tilawa iliondoka Bombay tarehe 20 Novemba na ikapigwa usiku wa kuamkia tarehe 23 na nyambizi I-29. Haikuzama kwa pigo la kwanza, na baadhi ya watu walirudi ndani wakidhani itahimili, ndipo ikapigwa la pili. Kati ya watu 958 walikufa 280. Manowari ya Birmingham iliwakuta waliosalia tarehe 25 na kuwafikisha Bombay tarehe 27. Hesabu mwenyewe: kutoka tarehe 23 hadi 25 ni zile siku mbili za nyanya. Mtia makaa aliyeshushwa Bombay tarehe 27 bila nguo wala mshahara asingekaa kungoja. Angepanda meli ya kwanza iliyomhitaji, na hiyo yako ilikuwa bandarini ikiajiri hadi tarehe 9 Desemba.

Lakini pia mtu aliyekuwa hapo Bombay kwa sababu nyingine angeweza kuwaona manusura wakishuka gatini na kuibeba habari yao mpaka Kisauni. Kitabu chako hakiwezi kukata shauri hilo. Safu ya meli ya awali, katika mkataba wa Desemba, inaweza.

Wakili Msomaji (Nairobi):

Niingilie kidogo, maana Tilawa naijua kwa njia nyingine. Ilibeba vipande 2,364 vya madini ya fedha vya serikali ya Afrika Kusini, vilivyokuwa vikienda Durban kwa ajili ya kutengenezea sarafu. Vilitolewa chini ya bahari mwaka 2017, na waliovitoa walidai malipo hadi kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo mwaka 2024 iliamua kwamba Afrika Kusini ilikuwa na kinga dhidi ya dai hilo. Nimeisoma hukumu yote. Kila kipande kina hesabu yake, ila watia makaa waliokuwa sakafu ya chini usiku ule hawamo, na kwa kweli haikuwa kazi ya mahakama kuwataja. Ninasema tu ili ndugu yetu asipoteze siku kuwatafuta humo kama nilivyofanya mimi.

Mjukuu wa Kilindini:

Nimeshaandika Kew kuomba nakala ya mkataba wa Desemba 1942, nikitaja namba ya meli, na nimewaomba wapige picha ukurasa mzima wa watia makaa hata kama safu ya meli ya awali itakuwa tupu. Mama alinisimamisha kabla sijatuma. Alitaka kujua kama nakala itakuwa ya rangi au nyeusi, kwa kuwa babu hakujua kuandika, na kama aliweka dole gumba, anataka kuliona lilivyo.