AR-15 na konvesheni ya .22: risasi moja imelia "paf" badala ya "pa", nifanyeje?

msafiri_tx
Habari zenu wakuu. Niko Texas, nina bunduki ya AR-15 inayopiga risasi za 5.56 naipenda kweli ila risasi zake zinanimaliza, kila jumamosi nikienda renji ni kama nachoma hela. Jamaa wa kazini akanishauri ninunue konvesheni ya .22LR (risasi ndogo), yaani unatoa bolti yako yote (kile chuma kinachorudi nyuma kila ukipiga) unachomeka hiyo na magazini yake, unapiga risasi za bei chee. Nikaagiza ya kampuni ya CMMG ikaletwa na posta mpaka mlangoni (wenyewe kwa Kiingereza wanaita "kit", sio kiti cha kukalia lakini 😂).

Leo ndo nimeijaribu. Inapiga tano inagoma, ganda limebanwa kwenye tundu la kutokea maganda, nalitoa, inapiga mbili inagoma tena. Risasi nilichukua zile subsonik, za mwendo chini ya kasi ya sauti, kisa hazina kelele. Sasa ile ya mwisho haikulia kama wenzake, ililia paf kama mtu kafungua soda, na kwenye karatasi sikuona tundu. Nikaona isiwe tabu nikafunga virago. Tatizo ni konvesheni au risasi? Na kesho naweza kurudisha bolti ya 5.56 nikaendelea kama kawaida? Nawasilisha.

kobe_mzee
Mkuu USIPIGE CHOCHOTE na hiyo bunduki mpaka umechungulia mtutu!! Hiyo paf maana yake baruti haikuwaka vizuri na kuna uwezekano risasi imebaki humo ndani. Ukija na 5.56 nyuma yake mtutu unapasuka mkononi mwako. Toa magazini, hakikisha chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ni tupu, toa na konvesheni yenyewe, mulika tochi upande wa chemba. Usipoona mwanga usije ukajidai kuisukuma kwa risasi nyingine, ni fimbo ya shaba tu.

chaba22
Kobe kamaliza la muhimu. Kugoma ni hizo subsonik. Konvesheni haitumii gesi kama bolti yako, ganda lenyewe ndo linaisukuma nyuma, sasa risasi ikiwa haina nguvu bolti hairudi vya kutosha. Tafuta za kasi zenye kichwa kilichopakwa shaba, mimi natumia CCI Mini-Mag za uzito wa grein 40 na inameza tu. Halafu mtutu wako nadhani ni 1:7, yaani mifereji ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 7, bunduki za .22 huwa 1:16, kwahiyo usitegemee maajabu ya shabaha, na darubini itabidi uipange upya. Kwa makopo yadi 25 raha tupu.

mama_junia
Kaka samahani kukuuliza, una green card? Maana kuna ndugu zetu wako na visa ya mwanafunzi wanashika bunduki renji wakidhani ni mchezo, sheria ya huko inakataza mwenye visa ya muda kumiliki bunduki wala risasi, labda uwe na leseni ya kuwinda.

msafiri_tx
Ninayo dada, asante. Ngoja nikamulike.

pwani_tupu
Wenzenu huku Dar tunasoma kwa macho tu 😅

msafiri_tx
Wakuu mnisamehe kwa kuchelewa. Giza tupu, sikuona mwanga. Nikadondosha mafuta, nikaacha robo saa, nikaingiza fimbo kutoka mdomoni nikagonga taratibu kwa kinyundo cha plastiki. Ikadondoka kwenye taulo, kidude cheusi kitako kimejaa masizi. Mikono ilikuwa inatetemeka sio siri, kesho ningeweka 5.56 mimi. Nimeiweka kwenye kikombe changu cha chai dirishani niwe naiona.

kobe_mzee
Alhamdulillah. Mtutu upeleke kwa fundi aukague kwanza. Na hicho kikombe usinywee tena, hiyo ni risasi ya madini ya risasi, sumu hiyo.