Majalada ya misitu ya Kondoa na Mpwapwa: nakala zake nizitafute wapi?

Mwalimu_Mpwapwa aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mpwapwa, na kwa sasa ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna misitu ya hifadhi ya Kondoa na Mpwapwa ilivyotangazwa, ilivyopimwa na ilivyosimamiwa tangu enzi za Wajerumani hadi miaka ya 1990. Masimulizi ya wazee ninayo ya kutosha. Kinachonikwamisha ni karatasi.

Mwezi uliopita niliruhusiwa kuingia katika stoo ya ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu waliopo leo si wao walioiharibu. Nilikuta majalada ya misitu yamefungwa kwa kamba ya katani na kulazwa sakafuni nyuma ya matairi mabovu. Mchwa walikuwa wamepenya kwenye ufa wa saruji na kuanza kula kutokea chini, na kwa kuwa barua ya kwanza katika jalada ndiyo inayolala chini kabisa, kilicholiwa ni kile kile nilichokifuata. Jalada moja linaanzia ukurasa wa 41. Kabla ya hapo ni udongo mtupu. Kilichosalimika ni ramani moja iliyobandikwa juu ya kitambaa, mpaka wa msitu umechorwa kwa wino wa kijani, na pembeni imeandikwa herufi Jb ikifuatwa na namba.

Naomba kujua kama barua hizo zina nakala mahali pengine, na kama ni lazima nisafiri hadi Dar es Salaam au kuna ninachoweza kupata hapa hapa Dodoma.

Mstaafu_wa_Masijala alijibu:

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa mchwa. Nimekaa masijala miaka mingi, na jambo la kwanza ninalokushauri ni kwamba usililie jalada la wilaya kana kwamba ndilo pekee. Barua ya Bwana Misitu wa Kondoa wakati wa Mwingereza haikuishi mahali pamoja. Nakala ilibaki kwake, nyingine ilikwenda kwa mkuu wa Jimbo la Kati hapa Dodoma, nyingine kwa mkuu wa Idara ya Misitu, ambaye mwanzoni alikuwa Lushoto na baadaye Morogoro, na suala lilipokuwa zito, kwa mfano wananchi walipokataa mpaka, lilipanda hadi Sekretarieti ya Dar es Salaam, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni. Majalada ya Sekretarieti na ya majimbo yamo katika Nyaraka za Taifa, huko huko Dar es Salaam. Kwa hiyo ulichokipoteza chini kitafute juu, na mara nyingi utakipata kikiwa na maoni ya wakubwa pembeni, ambayo wilayani hayakuonekana kamwe.

Kuhusu Dodoma, tofautisha kumbukumbu na nyaraka. Kituo cha kumbukumbu kilichopo hapa hutunza majalada ya serikali ambayo hayatumiki tena kila siku lakini hayajafikia hatua ya kuwa nyaraka, yaani za kutunzwa daima na kusomwa na watafiti. Usikitarajie kuwa chumba cha kusomea. Chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, majalada hufunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 30, maana yake ni kwamba sehemu ya mwisho ya kipindi chako ndiyo kwanza inafunguka. Beba barua ya utambulisho ya chuo na kibali cha utafiti, na usiende Ijumaa mchana.

Kwa upande wa Wajerumani, majalada yao katika Nyaraka za Taifa yana namba zinazotanguliwa na herufi G, na katalogi yake, iliyoandaliwa na wataalamu wa shule ya nyaraka ya Marburg, ilichapishwa mwaka 1973. Usitafute neno Mpwapwa humo. Wao waliandika Mpapua, na mambo mengi ya Ugogo yamewekwa chini ya Kilimatinde, kwa sababu boma la huko lilikuwa na ukubwa kabla Dodoma haijawa kitu. Sheria yao ya kulinda misitu ni ya mwaka 1904, hivyo anzia hapo.

Mama_Kondoa alijibu:

Mwalimu, ninakubaliana na kaka yangu hapo juu, isipokuwa jambo moja: ukiomba majalada yenye neno “misitu” peke yake utapata robo ya habari. Nilikuwa afisa misitu Kondoa, na ninaweza kusema kwamba katika mikoa yetu hii ya kati msitu haukuwa hasa suala la mbao. Mbao zilikuwa Usambara. Huku kwetu msitu ulikuwa udongo, maji, mbung'o, kuni na ng'ombe, na kila kimoja kilikuwa na idara yake na jalada lake.

Uharibifu wa udongo ulianza kupimwa Mpwapwa miaka ya 1930, katika vipande vya majaribio vilivyoonyesha maji ya mvua yanaondoka na udongo kiasi gani penye nyasi, penye kichaka na penye ardhi tupu. Taarifa hizo zimo katika mambo ya mifugo, wala si misitu. Ufyekaji wa mapori kwa ajili ya kufukuza mbung'o umo katika majalada ya idara ya mbung'o. Reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 ilikuja na vichwa vya treni vinavyokula kuni, kwa hiyo tafuta pia majalada ya reli. Kongwa nayo, ambako mpango wa karanga ulifyeka vichaka kuanzia mwaka 1947, imewekwa chini ya kilimo.

Halafu kuna HADO. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ukiwa chini ya watu wa misitu, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Kwa Mrangi wa rika langu, HADO si kifupi cha maneno; ni mwaka ambao zizi lilibaki wazi. Mama mkwe wangu aliendelea kufagia zizi tupu kila asubuhi kwa miezi kadhaa. Hilo hutalikuta katika ripoti yoyote, lakini ripoti zenyewe zipo, na wanajiografia wa Stockholm waliofanya kazi Kondoa waliandika mengi wakilinganisha picha za anga za vipindi mbalimbali. Zitafute hizo picha. Korongo halisemi uongo, afisa misitu huweza kusema.

Msomaji_wa_Kale alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na Mzee wa Masijala kuhusu pa kuanzia. Mwalimu, kabla hujapanda basi la Dar es Salaam, anza na Gazeti la Serikali. Msitu hauwi hifadhi kwa barua. Unakuwa hifadhi kwa tangazo, na tangazo lina namba, tarehe na maelezo ya mpaka. Ukiwa na tarehe hiyo utajua uombe majalada ya miaka miwili au mitatu iliyotangulia badala ya kupekua ya miaka thelathini. Na hiyo Jb uliyoiona kwenye kitambaa si pambo: ni namba ya ramani ya mpaka katika idara ya upimaji na ramani, na kwa kawaida tangazo huitaja. Ramani yako ni ufunguo, usiiache katika ile stoo bila kuipiga picha.

Angalia pia msitu huo ulikuwa wa nani. Hifadhi za serikali kuu zilikuwa na njia yake, na zile zilizokuwa chini ya utawala wa wenyeji, ambazo baadaye zilirithiwa na halmashauri, zilikuwa na njia nyingine. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972 wakati wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa miaka ya 1980, na kwa maoni yangu karatasi nyingi za misitu hiyo zilipotea katika kuhamahama huko kuliko zilizoliwa na mchwa.

Kwa yaliyo nje ya nchi, Berlin kuna kundi la R 1001, la wizara ya makoloni, na London kuna CO 691, la mawasiliano ya Tanganyika. Oxford kuna shajara za Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyechora ramani ya uoto wa Tanganyika, na ni tamu kuzisoma ingawa ana dharau zake. Wamarekani wana chama kizima cha historia ya misitu tangu mwaka 1946, chenye makao yake Durham, North Carolina, ambacho kimeorodhesha ni maktaba gani ina makaratasi gani. Ningefurahi sana kuona mtu akitutengenezea orodha ya namna hiyo kwa Kanda ya Kati peke yake.

Mwalimu_Mpwapwa alijibu:

Ninawashukuru sana, hasa Mama kwa habari ya zizi, ambayo ninaomba ruhusa yake niitumie bila kutaja jina. Leo nimerudi stooni. Nimepiga picha ramani pande zote mbili, na nyuma ya kitambaa nimekuta kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza: majina manne ya wazee kwa penseli, kila moja likiwa na alama ya dole gumba mbele yake, na chini yake mwaka 1954. Jumatatu ninakwenda Mtumba, kwenye ofisi za wizara hapa Dodoma, na namba ya Jb. Mzee wa Masijala, je, ilikuwa kawaida wazee wa kijiji kuweka dole kwenye ramani yenyewe, au walipaswa kuweka kwenye hati nyingine ambayo sasa sina budi kuitafuta?

Mstaafu_wa_Masijala alijibu:

Kwenye ramani sijawahi kuona. Walikuwa wakiweka kwenye muhtasari wa baraza, na muhtasari ulikwenda kwa mkuu wa wilaya, si kwa Bwana Misitu. Omba majalada ya utawala ya mwaka 1954, na hayo majina manne uyanakili yalivyo, hata kama tahajia yake imekosewa, maana karani wa wakati ule ameyakosea vivyo hivyo kila mahali.