Mtwara ya sasa: watu wa Nyanda za Juu tuhame au tubaki?

FUNDI WA UYOLE
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Jambo hili najua halinihusu peke yangu ndiyo maana nalileta hapa. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Uyole, Mbeya: mageti, grili za madirisha, na matela ya pawatila msimu ukiruhusu. Jamaa niliyesoma naye ufundi Iringa ana karakana Mtwara mjini, ananiita tukashirikiane. Anasema ujenzi umechangamka, bandari imepanuliwa, saruji ya Dangote inatoka palepale, na korosho ikilipwa kila mwenye nyumba anataka geti. Mke wangu ni mwalimu wa msingi, itabidi aombe uhamisho. Watoto wawili, wa mwisho hajaanza shule. Huku kazi ipo ila mafundi tumebanana. Ukimtajia mteja bei, anavuka barabara anatajiwa pungufu. Vijana wengi wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaitwa hivyohivyo siku hizi. Je, mji ule unakua kweli, au ni habari za gesi zinarudi kama ile 2012? Na joto lile, mtu aliyezoea sweta la Juni analiwezaje?

MNYAKYUSA WA CHUNO
Fundi njoo, usisite. Mimi mzaliwa wa Iyunga, sasa naishi Chuno, Mtwara. Zamani sehemu kubwa ya korosho ya huku ilipakiwa kwenye malori kwenda bandari ya Dar. Kuanzia msimu wa 2023 serikali imeelekeza ipite hapahapa, na gati jipya la mita 300 linapokea meli kubwa. Makaa ya mawe ya Ruvuma nayo yanashuka hapa kwenda nje. Wapakiaji, madereva, mawakala, wote hao wanalala mahali, wanakula mahali, na wengine wanajenga. Joto litakutesa mwanzoni, Novemba mpaka Machi hasa, maana lina unyevu. Usiku shati linaganda mgongoni. Nunua feni kabla ya kitanda. Mimi nimeshachukua na shamba la mikorosho njia ya Nanyamba. Tena nikupe siri: wenyeji hawana haraka na kazi. Mtu akija na spidi yake ya soko la Mwanjelwa kule Mbeya, mwaka hauishi amekuwa bosi.

MZEE WA SOKOMATOLA
Fundi, mwanangu, usiuze kitu. Wimbo huu nimeusikia ukiimbwa zaidi ya mara moja. Waingereza baada ya vita kuu ya pili walileta mpango wa karanga, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikulipa, na reli ikaja kung'olewa miaka ya sitini. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, watu wakakaa nayo miaka. Ilipofika 2012 kila mwenye vijisenti alitaka kiwanja Mtwara. Mdogo wangu alinunua kwa dalali mmoja kwa bei ya kukaribia Dar. Mwaka uliofuata wananchi wakaandamana kupinga bomba, bomba likaenda Dar hivyohivyo, 2015 likazinduliwa, na bei za viwanja zikarudi chini. Kiwanja chake mpaka leo kinaota majani. Mji ule unavimba halafu unanywea.

BINTI NEWALA
Mzee shikamoo, nimekusoma na nitakurudia. Kwanza huyu wa Chuno.

Kaka, unakula kwetu, umenunua shamba kwetu, halafu unatuandikia hatuna haraka na kazi? Nimezaliwa Newala, sasa naishi Mbeya, na nimepulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, nikiwa binti mdogo. Unaijua hiyo kazi? Maua ya mkorosho yakianza kutoka, ugonjwa wa ubwiriunga unayaunguza yote usipopuliza. Salfa inapulizwa alfajiri, saa kumi, saa kumi na moja, upepo haujaamka na majani yana umande wa kushika unga. Mashine inakaa mgongoni inanguruma, na unga wa njano unarudi usoni kwako. Macho yanawaka mpaka mchana, nguo zinanuka wiki nzima. Unarudia tena baada ya wiki mbili au tatu, shamba zima, msimu mzima wa maua. Kisha kuvuna: unainama chini ya kila mti kila siku, unaokota bibo, unanyonga korosho, unaanika, unachambua, unabeba ghalani. Mtu wa ofisini akipita saa nne asubuhi akamkuta baba yangu amekaa chini ya mwembe, anaandika kwamba mtu wa kusini mvivu. Wakati huo mzee ameshamaliza kazi yake ya siku.

MNYAKYUSA WA CHUNO
Dada sijatukana kabila la mtu. Nimesema nilichokiona dukani kwangu. Kijana nimemwajiri, Ijumaa akiingia msikitini harudi mpaka kesho. Hilo nalo nimelitunga?

KIJANA WA TUKUYU
Wa Chuno, unatuaibisha. Hapa Kabwe, Mbeya mjini, saa tatu asubuhi vijiwe vimejaa vijana wetu wanacheza drafti, hakuna aliyeandika kwamba Mnyakyusa mvivu. Mfanyakazi mmoja akikukosea, mseme yeye.

MWALIMU WA IRINGA
Naomba turudi kwenye hoja, maana fundi ameuliza kuhusu mji unaokua. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Mtwara Mikindani na watu kama 108,000, ya 2022 ikakuta kama 146,000. Jiji la Mbeya kwa miaka hiyohiyo limetoka 385,000 hadi 541,000. Kwa hiyo fundi anataka kuuhama mji unaokua kwa kasi zaidi ili aende kwenye mji mdogo unaokua polepole zaidi. Kama anatafuta joto na ujenzi pamoja, Dodoma imetoka 410,000 hadi 765,000. Serikali ilitangaza kuhamia kule 2016, na kila mtumishi aliyehamia anataka grili. Dodoma joto lake kavu, usiku unalala.

DEREVA WA MAKAA
Mwalimu, takwimu nzuri, ila watu wengi maana yake na mafundi wengi. Fundi kalalamika nini? Kubanana! Sasa unampeleka Dodoma akabanane na mafundi wa nchi nzima?

Mimi napakia makaa Ngaka, Mbinga, nashusha Mtwara. Sasa hivi lami tupu: Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi, unaingia Mtwara. Wanaokumbuka Tunduru ya zamani watakwambia masika mlikuwa mnalala njiani mnapika. Mzee wa Sokomatola anaongelea Mtwara iliyokuwa haifikiki. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, ukitoka Dar ulikuwa unangoja kivuko pale Rufiji, mto ukijaa ndiyo basi. Mji utakua vipi hivyo? Sasa njia zipo kote.

MZEE WA SOKOMATOLA
Kijana, usiniambie naongelea ya zamani kana kwamba nimepitwa. Nimetoa miaka na matukio, wewe umetoa lami. Lami inaleta watu na inawachukua pia. Bomba la gesi nalo lilikuwa njia, likapita na mali likaondoka nayo. Na hayo makaa yenu yanavunja barabara hiyohiyo unayoisifia. Pita kati ya Songea na Tunduru uniambie hukukwepa shimo.

DEREVA WA MAKAA
Mashimo yapo, sikatai. Mzigo wa tani thelathini utapitaje bila kuacha alama? Lakini anayeendesha kila wiki ni mimi. Barabara ya Igawa mpaka Tunduma imebeba mizigo ya Zambia na Kongo toka nazaliwa, ina foleni ya kulia machozi, na Mbeya haikunywea, ikawa jiji. Malori ndiyo yaliyoijenga Mbeya, Mzee. Kwa nini yasiijenge Mtwara?

BINTI NEWALA
Mzee, uliposema mji "unanywea" umeniuma kuliko hata wa Chuno, na nakwambia kwa adabu. Mtwara ilibanwa. Miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji sisi ndio tuliokuwa mpakani, tukapokea wakimbizi, wapiganaji wa FRELIMO wakafundishwa Nachingwea. Watu walikuwa wanakimbia mabomu ya Wareno wakati kwingine mnajenga viwanda. Hesabu na hilo mnapotupimia maendeleo.

KIJANA WA TUKUYU
Na Rais Mkapa alitoka Lupaso, Masasi, akakaa Ikulu miaka kumi. Angekuwa wetu Mbeya tungekuwa na treni ya umeme.

BINTI NEWALA
Ndiyo siasa gani hiyo? Rais wa nchi alikuwa wa nchi. Daraja la Rufiji alilijenga, na ndilo lililotufungua. Au ulitaka tudai na ukuta wa dhahabu?

MAMA MUUGUZI, NJOMBE
Naona mnagombea marais, na baba wa watu ana mtoto mdogo. Fundi, nisikilize mimi. Njombe malaria ni chini ya asilimia moja kwenye vipimo vya kitaifa, ni mkoa wa chini kabisa au mmoja wa hiyo ya chini. Mbeya nako si nyingi. Mtwara iko kwenye mikoa yenye malaria nyingi. Mtoto wa baridi anashuka pwani mwili wake haujawahi kukutana na ugonjwa, akiumwa anaumwa vibaya na haraka. Mtoto wa Mtwara anaweza kuwa na homa huku anacheza; wako ataanguka degedege. Neti yenye dawa kila kitanda, madirisha ya wavu, na homa yoyote mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Usimpe panadoli ukangoja kesho. Nimepokea wodini watoto wa watu waliotoka likizo pwani, mama anasema "alichoka tu na safari." Na wewe mtu mzima kinga yako ni hiyohiyo sifuri, usijione fundi mwenye kifua.

FUNDI WA UYOLE
Mama asante sana, ndaga fijo. Hilo la mtoto nilikuwa sijalipima kwa uzito huo na mke wangu nimemsomea. Naomba wa Chuno au mwingine anijibu mambo mawili: umeme, maana mashine ya kuchomelea bila umeme ni chuma tu, na uhamisho wa mwalimu.

MWALIMU WA IRINGA
Uhamisho ulio rahisi ni wa kubadilishana. Mkeo atafute mwalimu wa Mtwara anayetaka kupanda Mbeya, wa daraja lake. Akiomba bila mtu wa kubadilishana naye atangoja sana, na mtaishi mbalimbali. Jambo hilo limevunja nyumba za walimu wengi ninaowafahamu, kwa hiyo lianze hilo, karakana ifuate.

MNYAKYUSA WA CHUNO
Umeme: kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea mitambo ya gesi ya palepale. Ikileta hitilafu mji mzima giza. Mitambo imeongezwa, hali ni nafuu sana, lakini fundi mwenye akili anaweka jenereta ndogo. Kuna jambo lingine ambalo jamaa yako huenda hajakwambia: kutu. Nimeona mageti ya mafundi waliotoka Mbeya pale Shangani, karibu na bahari. Wamechomelea kwa haraka, hawakusaga maungio, wamepiga rangi mkono mmoja. Mwaka wa pili kwenye maungio kunatoka machozi mekundu mpaka ukutani. Mafundi wa Mbeya mna kasi, lakini kazi yenu ni ya nchi ya baridi.

FUNDI WA UYOLE
Kaka hapo umenigusa. Usiseme "mafundi wa Mbeya." Mimi nasaga kila ungio, napiga rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili ndani na nje, na bomba la mraba nalifunga ncha zote mvuke usiingie. Geti langu la kwanza liko Nsalaga, njoo ulikague mvua ya masika ikiwa inanyesha. Anayepiga rangi juu ya kutu ni mwizi, awe wa Mbeya au wa Mtwara. Kama huko hamna wanaofanya hivyo ndiyo nazidi kutamani kuja.

BINTI NEWALA
Umeona, wa Chuno? Sasa umewageuzia wa kwenu kibao. Asubuhi sisi hatuna haraka, jioni wao wana haraka mno.

Fundi, kaka yangu, nikwambie la pesa, maana ndilo uliloitiwa. Mnada wa korosho unaanza Oktoba. Mkulima anapeleka ghalani kwa chama chake, inauzwa mnadani, makato yanakatwa, pesa inaingia benki. Msimu wa 2024 bei ilivuka 4,000 kwa kilo, na kweli mabati na mageti yalinunuliwa. Lakini kuanzia Februari mpaka maua yatoke, mtu yuleyule anakopa sukari. Wengine njaa inawafanya wauze kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, korosho iko bado mtini kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika pesa si yao. Mwaka 2018 wafanyabiashara waligoma bei, serikali ikanunua yote kwa 3,300, na wako waliongoja malipo yao muda mrefu. Fundi aliyepokea oda za mageti mwaka ule aliambulia malipo ya kwanza tu. Kwa hiyo muulize jamaa yako anakula nini mwezi wa nne. Kama ana kazi za bandarini, za taasisi, za shule, nenda. Kama anategemea mnada peke yake, nenda mwenyewe Oktoba, mfanye naye kazi mpaka Januari, mama na watoto wabaki Uyole na neti yao.

DEREVA WA MAKAA
Hapo dada umesema. Ila mwezi wa nne makaa yanatembea, na karakana zinazonyoosha bodi za matela hazikosi kazi mwaka mzima. Fundi, ukijua kuchomelea matela ya pawatila unajua na ya semi. Uliza pale Mangamba, Mtwara.

MZEE WA SOKOMATOLA
Sasa ndiyo mnaongea. Ila kiwanja asinunue.

MNYAKYUSA WA CHUNO
Kiwanja mbona anunue? Chuno nilinunua mimi na sijajuta. Na dada Newala, mimi naheshimu watu wa huku, nimeoa huku.

BINTI NEWALA
Kuoa si jibu. Umesema una shamba njia ya Nanyamba, na duka lako liko mjini kutwa. Tuambie hapa mbele ya watu: msimu huu salfa kwenye mikorosho yako anapuliza nani saa kumi alfajiri, na unamlipa shilingi ngapi?