Je, jiji liendelee kudai leseni ya mbwa?

Mkazi wa Ntinda:
Ndugu zangu, mtaani kwetu hapa Kampala wapo wanaotaka jiji lisisitize leseni za mbwa, na wapo wanaoziona kuwa kodi nyingine kwa mtu ambaye tayari anamlisha mbwa wa ulinzi kwa tabu. Mimi ninaziunga mkono, ila ningependa kujua mwenye mbwa anapata nini kwa ada anayolipa.

Mhudumu wa mifugo, Wakiso:
Ndugu, kiini cha jambo hili ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huo huua karibu kila mara, na idadi kubwa mno ya wanaoupata wameumwa na mbwa. Maambukizi hukatika pale ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa. Sasa, mji usiojua una mbwa wangapi utaipimaje asilimia hiyo?

Mfikirieni mtoto aliyeumwa akitoka shule. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya akaanze chanjo bila kungoja. Huko ataulizwa mbwa ni wa nani, na kama amechanjwa. Mbwa mwenye kibati cha namba ya leseni shingoni, mwenyewe hupatikana, na mbwa hufungiwa akachunguzwa kwa siku 10. Asiye nacho hutokomea vichochoroni, na wazazi hubaki na hofu pamoja na gharama za sindano. Kwa hiyo leseni isitolewe bila kadi ya chanjo, na ikiwezekana ada hiyo hiyo ilipie chanjo.

Mfuga mbwa, Makindye:
Daktari, nakuheshimu, lakini Uingereza iliifuta leseni ya mbwa mwaka 1987, ada ikiwa peni 37 tu, kwa kuwa makusanyo hayakufikia hata gharama za kuyakusanya. Hapa kwetu mbwa wengine hula jalalani na kulala kwenye baraza la yeyote. Atakayelipa ni yule yule mwenye geti, ambaye mbwa wake amekwisha kuchanjwa. Ada ikipanda, wengine watawakana mbwa wao. Bora chanjo ya bure, mtaa kwa mtaa, kupitia wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya mtaa.

Mhudumu wa mifugo, Wakiso:
Hoja ya ada kubwa ninaikubali kabisa. Hata hivyo, Uingereza ilikuwa imekwisha kuutokomeza ugonjwa huu tangu 1922, hivyo ilifuta leseni bila kuhatarisha watoto wake kama ambavyo sisi tungewahatarisha wetu. Tena haikuacha kutaka kumjua mwenye mbwa, kwani tangu 2016 mbwa wa huko hulazimika kuwekewa chipu ya utambulisho. Chanjo ya bure na kibati vinaweza kwenda pamoja.

Mkazi wa Ntinda:
Nawashukuru nyote. Nitampelekea mwenyekiti wetu pendekezo kwamba siku ya chanjo kibati kifungwe papo hapo bila malipo, na namba iandikwe katika daftari la LC1. Linalonitatiza ni mbwa wa kaya tatu: aandikwe kwa jina la nani?

Mfuga mbwa, Makindye:
La anayempa chakula cha jioni, maana huyo ndiye atakayeweza kumshika siku ya sindano. Kwa masharti hayo, hata mimi nitawaleta wangu.