Naomba ushauri: soul ya wazungu kwa ajili ya mzee wangu

Wakuu, habari zenu. Mzee wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, nataka kumjazia flashi nyimbo za soul (ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi) za waimbaji wazungu wa zamani. Ugonjwa wake ni Righteous Brothers, wale waimbaji wawili wa Marekani. Ikianza "You've Lost That Lovin' Feelin'" ya 1964, kikombe cha chai kinawekwa chini: Bill Medley anaingia na besi nzito, taratibu, kama mtu anayeongea peke yake gizani, halafu Bobby Hatfield anapandisha hadi mzee anafumba macho. (Ile "Unchained Melody" yao ni Hatfield peke yake, tulishabishana sana nyumbani.)

Mpaka sasa nimemwekea mwanamama Dusty Springfield, albamu yake "Dusty in Memphis" ya 1969, na Alex Chilton wa bendi ya Box Tops, aliyeimba "The Letter" mwaka 1967 akiwa na miaka 16 tu, sauti imekwaruza utadhani mlevi mstaafu. Hall na Oates, wale wawili wengine wa Marekani, nasita, naona watamkera na vinanda vyao vya miaka ya 80. Au nakosea?

Nimwongezee nani, hasa wanawake? Redio yake inasoma mp3 tu.